Kutembeza Magoli

Jumatatu, 9 Juni

Likizo imekwisha, na mapaja yangu yamepata habari. Kocha Mkuu alitukusanya kwenye chumba cha mikutano — feni ile ile inayolia, viti vile vile — akaanza na jambo ambalo kila mtu analijua: katika ligi nzima ya wanawake hakuna timu iliyofungwa magoli mengi kuliko sisi. Hakuna! Hata walioshuka daraja walifungwa machache. Sisi tuliponea chupuchupu siku ya mwisho kwa sababu washambuliaji wetu wanajua kazi yao. Mimi ni nahodha, na mimi ni beki, kwa hiyo nikaangalia sakafu.

Beki mpya hanunuliwi. Uongozi umekataa. Badala yake wameleta kocha wa ulinzi, mama mtu mzima, mnene kiasi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Zamani alikuwa kipa. Hakutoa hotuba. Aliingia chumba chetu cha kubadilishia nguo, akachungulia bafuni, akapitisha kidole juu ya dirisha, akakitazama kidole. Pacha, beki mwenzangu, akaninong'oneza kwamba mama mkwe amefika. Basi! Jina limepatikana. Kufika saa ya kuondoka kila mtu alikuwa anamwita Mama Mkwe, na nadhani ameshasikia.

Jambo moja linanisumbua. Pacha na mimi tunacheza katikati ya ulinzi miaka yote hii, mimi namba nne, yeye namba tano. Watu walituita mapacha wote wawili, jina likamganda yeye. Mkataba wangu bado upo. Wake umekwisha. Kocha Mkuu amesema waziwazi kwamba mkataba mpya wa beki wa kati ni mmoja tu, na atapewa atakayeanza pamoja nami siku ya ufunguzi. Pacha alipiga makofi kama mtu aliyekwisha kutia sahihi. Nampendea hilo. Kwani nani mwingine?

Jumatano, 11 Juni

Mpira hatujaugusa. Tangu Jumatatu!

Mama Mkwe anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lango. Kazi yenyewe ni hii: anachukua goli moja tulilofungwa msimu uliopita, anatupanga kila mtu pale alipokuwa, wachezaji wa akiba wanakuwa wapinzani, halafu tunalitembea. Kutembea hasa, kama watu walioshiba. Goli zima, kuanzia mpira ulipopotea hadi ulipoingia wavuni. Njiani anasema, "Simameni." Tunaganda. Anamgeukia mmoja wetu: "Unaona nini?"

Haulizi ulikosea nini. Anauliza unaona nini tu. Unajibu, anaitikia kwa kichwa, tunaendelea.

Washambuliaji wamekaa kwenye uzio wanakufa kwa kicheko. Shangazi — straika wetu mkongwe, mkubwa kuliko sisi sote, na hakuna habari ya mtu asiyoijua — alipaza sauti kuuliza kama mabeki sasa wanatembeza magoli mtaani, na je, mteja akichukua mengi anapunguziwa? Nilicheka. Nilikasirika pia.

Nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba Mama Mkwe ananifundisha kutembea. Ametoka zamu ya kiwanda cha mikate, unga mpaka kwenye nyusi. Akashtuka, akauliza mama yake amekuja lini.

Alhamisi, 12 Juni

Kipa amenyang'anywa maneno. Alikuwa anapiga kelele dakika zote, hadi mtu husikii chochote. Mama Mkwe amemwachia matatu: toka, baki, wangu. Mengine ameze.

Kipa alinuna asubuhi nzima. Lakini mchana, kona ya kwanza ya mazoezi, alisema "wangu!" na sisi sote tukainama kama tumepigwa risasi. Akaudaka peke yake hewani, hakuna bega la mtu lililomgusa. Alitua akiwa anatabasamu. Yule mama anajua kitu.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa bado nimechanganyikiwa.

Leo tumetembeza magoli mengi, yale ya mwisho wa msimu. La kwanza: winga wao anakimbia upande wa Pacha. Tunatembea, tunatembea. "Simameni." Nikatazama chini nione nimesimama wapi. Pacha yuko pale pembeni, anamkaba winga, sawa. Na mimi? Mimi nipo ubavuni mwake! Karibu tungeshikana mikono. Katikati ya lango hakuna mtu, uwanja mtupu, na mfungaji wao anatembea humo kama mwenye nyumba.

Kila mtu akacheka, nami nikacheka. Nikasema ilikuwa bahati mbaya.

Goli la pili. "Simameni." Ubavuni mwa Pacha.

La tatu. Ubavuni mwa Pacha. Hapo hakuna aliyecheka.

Mama Mkwe alivaa miwani, akasema mnapendana sana nyie, kwenye sherehe ningewaweka meza moja. Kisha akaniuliza mimi, kwa upole kabisa: "Nahodha, hapo ulipo umefuata nini?"

Nikakuna kichwa. Mimi! Ninayewapangia wenzangu kila mechi. Pacha alikuwa anatazama kiatu chake.

Lazima nikubali: nimefundishwa na makocha wengi, wengine wamenitukania ukoo mzima, na hakuna hata mmoja aliyeliona hili. Huyu ameliona akiwa kwenye kiti cha plastiki.

Jumanne, 17 Juni

Vituko! Shangazi amehamishwa. Straika wetu mkongwe anajifunza ubeki wa kati!

Ni wazo la Mama Mkwe. Anasema miguu ya Shangazi haina tena kasi ya kufunga, lakini macho yake yanajua mshambuliaji anataka nini kabla hajataka. Shangazi alipinga kwa sauti kubwa, akasema hakuja duniani kukaba, yeye kazi yake ni kukabwa. Halafu akaingia. Mpira wa kwanza mrefu ulipigwa — yeye alikwisha fika, kasimama unapodondoka, mkono kiunoni, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Wa pili vilevile. Kijana wetu wa mbele alijaribu ile ya kujifanya anakwenda kulia, Shangazi hakutikisika. Akamwambia, mwanangu, hiyo niliibuni mimi.

Niliona raha kumtazama. Raha kabisa. Nilikuwa napiga makofi kabla sijakumbuka kwamba nafasi anayoitafuta ni ya Pacha.

Pacha naye alikuwa anapiga makofi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimelijua jibu. Limenijia nikiwa naosha vyombo, sahani ikaniponyoka.

Ni goti la Pacha. Lilifanyiwa operesheni msimu wa juzi. Alirudi, daktari alimruhusu, alipimwa kila kitu, akacheza. Lakini akilazimika kugeuka ghafla kwa nje, anachelewa kidogo. Kidogo sana! Mtu wa jukwaani hawezi kuona. Mimi sikuona kwa macho. Miguu yangu ndiyo iliyoona, ikawa inakwenda kumkinga bila kuniomba ruhusa. Winga akimkimbilia tu, nimeshaondoka kwangu. Yeye hapitwi kwa sababu nipo. Na katikati tunafungwa.

Hatujawahi kulizungumza. Sidhani hata yeye anajua. Au anajua?

Baada ya mazoezi nilimfuata Mama Mkwe. Alikuwa anakusanya koni, hataki kusaidiwa. Nikaanza: kocha, kuhusu mwenzangu, lile goti... Akanikatiza papo hapo. Akasema yeye hajaniuliza habari za goti la mtu. Ameniuliza nafasi yangu. Nikibaki katikati, timu haifungwi. Yanayobaki ni kati ya Pacha na winga.

Nikamwambia lakini akipitwa ataonekana.

Akasema ndiyo, ataonekana. Akabeba koni zake akaenda.

Nilitaka kumchukia, nimeshindwa. Hakusema uongo hata chembe, na hakunisukuma. Nikibaki, Pacha anamwaga unga. Nikienda, tunashuka daraja wote, na mkataba wangu nitaufungia maandazi. Niambie basi mtu anafanya nini hapo.

Jumapili, 22 Juni

Mapumziko. Nilikwenda kwao Pacha. Mama yake alinikumbatia, akanilaumu nimekonda, akanijazia sahani. Pacha ndiye nguzo ya nyumba ile — mama, wadogo zake wawili wanasoma, bomba la jikoni analitengeneza mwenyewe, amelala chini ya sinki ananiamuru nimpe spana. Aliponyanyuka alishika ukingo wa sinki kwanza. Nilishaunyoosha mkono wangu kabla sijajua.

Aliutazama mkono. Nami nikasingizia nataka spana.

Sikumwambia.

Jumatano, 25 Juni

Siku mbaya.

Mama Mkwe ameweka jezi ya mazoezi kwenye nyasi katikati ya boksi. Nyekundu. Mimi nisimame juu yake. Winga akimkimbilia Pacha, nibaki. Mpira ukipigwa ndani ndipo nitoke. Rahisi kama kunywa maji! Mtoto wa chekechea angeweza.

Mara ya kwanza niliondoka. Mara ya pili niliondoka. Mama Mkwe hakunifokea, alisema tu, "Rudi kwenye jezi." Mara ya tatu nilijikaza kisabuni, nikakanyaga ile jezi kama nataka kuizika. Aliyekuwa anamkimbilia Pacha ni yule kijana wetu wa mbele, mwepesi kama karatasi. Akaenda nje ghafla. Pacha akageuka... akapitwa. Peupe. Krosi ikaja moja kwa moja miguuni kwangu, nikaiondosha bila jasho. Mama Mkwe akasema vizuri sana.

Vizuri sana! Pacha alikuwa ameketi kwenye nyasi, mikono nyuma, ananitazama. Uwanja mzima uliona, Kocha Mkuu aliona, Shangazi aliona akageuza uso, na hapo nilimheshimu.

Kwenye bomba la maji Pacha aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa kwenye jezi. Akaniuliza tangu lini jezi ni muhimu kuliko mtu. Nami kwa hasira zangu hizi — mama yangu alisema zitaniponza — nikamjibu kwamba kama angegeuka kwa wakati nisingehitajika.

Maji yanamwagika bure. Alifunga bomba, akachukua begi lake.

Ijumaa, 27 Juni

Hasemi nami. Mazoezini tunaelewana kwa lazima: toka, baki. Maneno ya Kipa yametufaa.

Mume wangu anasema nimpigie simu. Nimeshika simu mara nyingi, naishia kutazama picha yake ya wasifu, ile tuliyopiga tumepaka matope hadi masikioni. Nampigia nimwambie nini? Kwamba nilikosea? Maneno yangu yalikuwa mabaya, lakini yalikuwa kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatatu, 30 Juni

Amenishinda. Kwa kila kitu amenishinda, Pacha yule.

Nilifika uwanjani mapema, nikidhani nitakuwa wa kwanza. Nikakuta watu wawili wako kwenye kona ya mbali, Pacha na Shangazi. Wanaogombea nafasi moja! Shangazi anamkimbilia na mpira polepole, anasimama, anamwonyesha kwa kidole: hapa mimi natazama kiuno chako. Ukiwa umenielekea kifua chote, nakwenda nje, umekwisha. Ukisimama ubavu tangu mwanzo, umeshageuka nusu, mimi njia ya nje siitaki tena. Wakarudia. Na tena. Pacha alikuwa anasimama ubavu mapema, anamfungulia njia mbovu, anamsubiri. Goti halina haja ya kugeuka ghafla kama kichwa kimegeuka kabla!

Nilijificha nyuma ya benchi kama mwizi wa kuku, nikatazama mpaka wakamaliza. Machozi yalinitoka. Sijui ni ya nini hasa. Nadhani ni ya fahari.

Nilimuuliza Shangazi baadaye kwa nini anamfundisha mpinzani wake. Akasema Pacha ndiye aliyemwomba, na yeye Shangazi ana uchoyo wa chakula tu. Halafu akasema Pacha naye amemfundisha namna ya kuruka kichwa bila kumwegemea mtu, maana refa angemtoa kila mechi. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Kabla ya mazoezi kuanza Pacha alinijia. Akasimama mbele yangu, akafunga kamba za viatu vyake vizuri, halafu akasema polepole: "Alijua daktari, nikajua mimi. Nilikuwa najua unakuja. Kila mara nilikuwa nakusikia nyuma yangu, na nilikuacha uje. Sasa basi. Usije kunisaidia."

Nikamwomba radhi kwa maneno ya bombani. Akasema ameshayasahau, ila anayakumbuka. Tukacheka kidogo. Nilishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Leo nilisimama kwenye jezi siku nzima.

Alhamisi, 3 Julai

Kambini. Hosteli ya zamani, vitanda vya chuma, maji ya moto yanakuja yakitaka. Pacha na mimi chumba kimoja kama kawaida. Anakoroma kama kawaida, anakana kama kawaida.

Ulinzi wetu — naogopa hata kuandika — ulinzi wetu ni mzuri! Kiungo mkabaji sasa anashuka mwenyewe mbele yetu tukipoteza mpira, hahitaji kuitwa. Mabeki wa pembeni hawapandi wote wawili kwa mpigo, mmoja akienda mwingine anabana. Hakuna anayejirusha chini ovyo. Mama Mkwe alikataza, alisema beki aliyelala hana kazi hadi ainuke. Tunatembea kidogo tu siku hizi, labda goli moja asubuhi kabla ya chai. Lakini hata tukikimbia, ndani ya kichwa nasikia "unaona nini?" Na naona! Naona uwanja wote. Sikujua kama uwanja ni mpana hivi.

Natamani ningekutana na yule mama nikiwa msichana.

Jumamosi, 5 Julai

Mechi ya kirafiki ya mwisho. Wageni wetu ni walewale waliotufunga vibaya kuliko wote msimu uliopita, na wamekuja na winga wao yuleyule. Mrefu, miguu kama mkasi, hana huruma.

Mpango wa Kocha Mkuu: kipindi cha kwanza mimi na Pacha, cha pili mimi na Shangazi. Halafu ataamua. Hakuficha, alisema mbele yetu wote.

Mara ya kwanza yule winga anamkimbilia Pacha nilisikia kama moyo umehamia kwenye masikio. Nilibaki. Pacha akasimama ubavu, akamwonyesha njia mbovu, winga akaiingia akakwama kwenye laini, mpira ukatoka. Nilitaka kupiga kelele! Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Pacha alimnyang'anya kabisa, safi, akiwa wima, akampasia kiungo kama anampa mtu chumvi mezani. Jukwaa likasimama. Pacha alicheza peke yake upande ule, hakuna kivuli cha mtu nyuma yake, na alikuwa mzuri kuliko miaka yote niliyomfahamu. Nasema miaka yote! Kumbe nilikuwa namkinga na hilo pia.

Karibu na mapumziko winga akabadilisha. Hakukimbia. Alisimama kabisa, mpira mguuni, akamsubiri yeye. Pacha akalazimika kumsogelea. Kisha mwendo mmoja tu wa nje — na goti likachelewa. Kile kidogo kile. Akapitwa, akaanguka kwa mikono.

Nilibaki. Sijui nilibakije. Krosi ikaja chini, kali, na mfungaji wao akaiingilia, nami nilikuwa pale, nikaiondosha hadi nje ya uwanja. Kipa alinikumbatia. Mama Mkwe alivua miwani. Timu nzima inashangilia, na mimi natazama pembeni kule, Pacha anainuka taratibu, anajifuta majani — halafu ananyoosha mikono yote juu ya kichwa ananipigia makofi. Mimi!

Kipindi cha pili Shangazi. Sitadanganya, alikuwa imara. Hana mbwembwe, hakimbii, ila alimnusa yule winga kila mara kabla hajaanza. Hakupitwa. Lakini mipira miwili ya juu ilimzidi, mmoja uligonga mwamba, na kila nilipogeuka kutaka kusema jambo nilikuta mtu ambaye lazima nimweleze. Pacha huwa simwelezi.

Hatukufungwa! Dhidi ya wale! Ndani ya basi waliimba mpaka dereva akaimba. Mama Mkwe alikaa siti ya mbele ameshikilia mkoba wake mapajani, midomo inachezacheza, naye anajua wimbo.

Jumapili, 6 Julai

Mchana, chumbani. Naandika haraka.

Kocha Mkuu ameniita baada ya chakula. Anasema yeye na Mama Mkwe wamegawanyika, kila mmoja na jina lake, na hawataki kuniambia nani ana lipi. Wanataka jina langu. Nani awe pembeni yangu siku ya ufunguzi? Niende saa kumi ofisini. Alisema nisijibu kama rafiki, nijibu kama nahodha, kana kwamba mtu ana nyuso mbili za kuchagua kabatini.

Nimepiga hesabu zote. Pacha alipitwa mara moja, na akipitwa nitakuwepo katikati sasa, tumeshajifunza. Lakini mawinga wa ligi nzima watamwona yule wa jana, watasimama na mpira na kumsubiri. Shangazi hapitwi. Mipira ya juu anaweza kufundishwa — na mwalimu wake ni Pacha! Msimu ni mrefu. Goti halitakuwa changa zaidi mwezi wa pili. Najua. Mama Mkwe akinigandisha hapa na kuniuliza naona nini, najua nitajibu nini.

Na mama yake aliyenijazia sahani. Na wale wadogo zake.

Pacha ameingia sasa hivi. Ameleta barafu kutoka jikoni, kwenye mfuko. Ameketi kitandani kwake, akavua ile soksi ndefu ya gotini, akaweka barafu. Mbele yangu! Tumelala chumba kimoja kambi zote hizi na sijawahi kuliona goti lile wazi. Limevimba upande wa nje. Kovu limenyooka vizuri, daktari alikuwa fundi.

Nimemwuliza linauma sana? Amesema jana liliuma, leo linalalamika tu.

Nimemwambia alicheza vizuri jana kuliko siku zote. Amesema anajua. Amesema mara ile ya kwanza hakunisikia nyuma yake aliogopa karibu aite, halafu akaona raha ambayo hajaipata tangu operesheni. Uwanja wote upande ule ulikuwa wake. Hata akipitwa, amepitwa yeye, si sisi wawili. Anasema mtu akishayaonja hayo hawezi tena kurudi kubebwa.

Amesema hayo akitabasamu. Sijui mtu anapata wapi moyo wa namna hii. Mimi ningekuwa nimeshavunja kikombe.

Saa inakaribia. Nimesimama karibu na mlango, daftari nimeegemeza ukutani. Anafunga bandeji, ninataka kumshikia ule mwisho wake, amekataa kwa kichwa. Anajua ninakokwenda. Kambi nzima inajua. Hajaniuliza nitasema nani. Ninamsubiri aniulize, haulizi. Amesema jambo moja tu: nikirudi nimwambie mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, asilisikie kwa mtu mwingine.

Nimesema sawa. Nimelisema haraka mno — mno! Ameacha kufunga bandeji, ameinua macho, na nimeona ameshaelewa kwamba sitasema jina lake.